Mkalimani wa Sinema ya Masufuria

Jina alikuwa nalo, na wazee wa mtaa wetu walilijua, lakini Bagamoyo nzima ilimwita Mkalimani. Hata mkewe: "Mkalimani, chai inapoa." Mgeni aliyelisikia jina hilo alidhani bwana huyu amemeza lugha zote za Wazungu, akamletea barua asomewe, naye akamjibu kwa adabu kwamba leo macho yanamuuma. Ukweli ni kwamba alijua Kiswahili na Kinyamwezi, basi. Kazi iliyompa jina ilikuwa kutafsiri sinema isiyotoa sauti, kutoka lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Habari za alikozaliwa sizijui na sikuzitafuta. Nilimkuta jirani, ukuta kwa ukuta, mtu mzima mwenye koti jeusi alilolivaa hata mwezi wa joto kali. Kabla ya hapo alikuwa akizunguka na gari la sinema la kampuni moja ya sabuni, yeye akiwa mtu wa kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuisifu sabuni kabla ya picha, kuisifu katikati, na kuisifu watu wakiwa wanaondoka. Kampuni ikafunga shughuli zake, gari likaenda lisirudi, na yeye akaachiwa mashine iliyokufa sauti pamoja na mkanda mmoja. Mmoja tu. Kwa mkanda huo tuliishi miaka.

Mimi ni fundi cherehani, na kiwambo cha sinema nilikishona mwenyewe kwa kuunganisha shuka mbili. Mshono ulipita katikati, na sikuficha kitu: ulionekana. Kila mwigizaji aliyetoka upande mmoja kwenda wa pili alikatika pua kidogo pale kwenye mshono. Fundi mwingine angetukanwa. Mkalimani yeye alisema, "Haya, sasa wanavuka Ruvu, shikeni viatu vyenu," na kuanzia siku hiyo mshono wangu ukawa mto. Umeme tuliupata kwa mwenye mashine ya kusaga, aliyekubali injini yake iendelee kunguruma baada ya unga wa mwisho. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya unga mbichi wa mahindi natazama juu kutafuta nyota.

Sinema yenyewe ilikuwa hivi. Wanaume watatu wanataka kwenda kwenye nyota. Wamevaa masufuria vichwani, na juu ya kila sufuria kuna waya unaochezacheza. Chombo chao ni pipa, limechomekwa mabawa, na linaruka likiwa limening'inia kwenye kamba ambayo hata kipofu angeiona. Wanafika kwenye nyota. Mfalme wa huko amevaa chujio. Kuna dude la kutisha, ambalo ni zulia lenye macho, na chini ya zulia vinaonekana viatu vya mtu, tena vimepigwa rangi vizuri. Wanafukuzana, wanaangukiana, wanamteka binti wa mfalme ambaye ndiye anayewabeba wao. Kisha wanapanda pipa warudi duniani, na kabla hawajatua, mkanda unakwisha. Mwisho wake ulikuwa umelika zamani. Kinabaki kiwambo cheupe.

Aliyeitengeneza alikuwa anazitania sinema kubwa za safari za angani, zile za watu wenye vifua vipana wasiocheka. Hilo nalijua leo. Wakati ule hatukujua, maana hizo kubwa hatukuwa tumeziona. Mzaha ulitufikia kwanza, wakubwa wakawa bado njiani.

Mkalimani alisimama pembeni ya kiwambo na bomba la bati mdomoni, amelishika kwa leso kwa sababu alidai bati linachafua maneno. Alivua ndala moja, mguu mmoja ukabaki mtupu mchangani. Akakohoa. Kisha akatutazama sisi, siyo picha, na hakuitazama picha hata mara moja mpaka mwisho.

"Chombo kinaondoka! Wa Kerege, wa Msata, pandeni! Wewe mwenye kuku, kuku alipiwe!"

Pipa likifika kwenye nyota, mashujaa wanagonga mlango. Nadhani katika sinema yenyewe walikuwa wanauvunja. Mkalimani hakuruhusu utovu wa adabu.

"Hodi!"

"Hodiii!" uwanja mzima unaitikia.

"Karibuni," anasema Mfalme wa Chujio, kwa sauti nzito ya pua. "Mmekula?"

"Bado, mzee."

"Mmetoka wapi?"

"Duniani."

"Duniani kubwa. Duniani wapi?"

"Kerege."

Hapo watu walianguka kwa kicheko, maana Kerege ni kijiji cha hapo jirani tu. Kila safari walianguka, na kila safari neno lilikuwa lile lile. Wauza samaki waliokuwa wanalijua kwa moyo kuliko dua zao walianguka. Watu walileta wageni wao kutoka Pangani waje waone, wakawabana mbavu kwa viwiko kabla ya neno kufika ili wajiandae kuanguka. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa bara, msomi mzuri tu, alisimama siku moja akauliza, "Mkalimani, mbona kamba inaonekana?"

"Ulitaka pipa lidondoke?"

Jibu hilo likawa methali ya mji. Mke akilalamika kwamba paa limeegemezwa mti, mume anajibu: ulitaka lidondoke? Nilishona gauni la bi harusi likatokeza pini begani, nikalitumia jibu hilo hilo, na mama wa bi harusi akalipa.

Jambo moja lilitusumbua. Mkalimani hakucheka. Simaanishi kwamba alijizuia. Uso wake ulikuwa mkavu kiwamboni, msikitini, sokoni, popote. Watoto walimtegea vituko. Wazee walimsimulia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wapi! Nilimuuliza siku moja akiwa ameniletea koti nilitie kiraka.

"Mkalimani, wewe kucheka ni haramu?"

"Mimi nikicheka," alisema, "nani atatafsiri?"

Na alikuwa na ukaidi wake. Mtu huyu aliyetupeleka kwenye nyota karibu kila wiki, redio ilipotangaza kwamba watu wamefika mwezini, alikataa katakata. Alibishana kwa kinyozi mpaka mteja akanyolewa upande mmoja. "Wamefika, wamefika! Nani aliwafungulia? Umesikia wamepiga hodi?" Akaambiwa mwezini hakuna mlango. "Basi hawajafika. Wamepita." Tena alichukia uongo kuliko kitu chochote. Mkewe alimwambia mgeni kwamba bwana hayupo, naye akatoka uani na kusema, "Nipo, ila sikutaki."

Nimesema alijua Kinyamwezi; alikuwa Mnyamwezi. Watu wake walikuja pwani na misafara ya mizigo, wengine wakabaki, na sisi Wazaramo, Wakwere, Wazigua na wengineo tukawa watani wao. Kwa hiyo yeye alikuwa ameishi miaka yake yote ya pwani katikati ya watu wenye haki ya kumtukana. Mimi nilimwita mpagazi, yeye aliniita Mzaramo mchezea ngoma mpaka unga unaungua, tukaulizana hali. Aliyemweza hasa alikuwa bibi mmoja wa Kikwere, mwembamba, mnusa ugoro, aliyekuwa akija kutoka Lugoba kumtembelea mwanawe. Alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele ya watu wote, na kabla ya pipa kuruka walianza wao.

"Wewe Mnyamwezi, tua mzigo kwanza ndipo uongee!"

"Nikitua mzigo utatembea mwenyewe mpaka Lugoba. Nyie Wakwere ndio mzigo tuliobeba."

Bibi alicheka akapaliwa na ugoro. Akipaliwa alipiga goti lake kwa kiganja, akavuta kanga puani, akatazama nyuma kuhakikisha kwamba sisi wengine nasi tunacheka kama inavyotakiwa.

Mwanawe huyo alikuwa afisa utamaduni wa wilaya. Tulimwita Bwana Utamaduni. Kijana safi, suruali imepigwa pasi ikasimama, na mwenye nia njema, nalisema hilo kwa dhati. Siku moja alituletea gari lenye mashine mpya, ya rangi na sauti, na sinema kubwa ya safari za angani. Alisimama mbele akasema, "Ndugu wananchi, zile za masufuria mmezizoea. Leo mtaona sinema ya maana." Mkalimani alikaa nyuma kabisa, amekunja mikono, ndala zote mbili miguuni.

Sinema ikaanza. Wanaume wenye vifua vipana wakaingia kwenye chombo kirefu cha kumeremeta. Muziki ukapanda. Nakuapia, ilikuwa nzuri. Chombo kikatoa moto, na kutoka katikati ya watu sauti moja ikasema polepole, "Wa Msata pandeni."

Basi.

Walipofika kwenye nyota na mlango ukafunguka kwa ukimya wa kutisha, uwanja mzima ulipiga hodi. Nahodha alipokuwa anakata roho mikononi mwa rafiki yake, watu mia wakamuuliza kama amekula. Bibi wa Lugoba alisimama juu ya kigoda chake akaelekeza kidole, akapiga kelele, "Hata sufuria hawana!" Ni kwamba sisi tulidhani hawa ndio walioiga. Tulidhani maskini hawa wameiona sinema yetu mahali fulani, wakajaribu kuifuata na wakashindwa. "Tena wameficha kamba," alilalamika muuza samaki karibu yangu. "Wanatuona watoto." Akatumia muda wote uliobaki kuitafuta, na mimi pia niliitafuta.

Bwana Utamaduni aliizima mashine kabla ya mwisho. Nilimwona uso. Kilichomchoma si sisi. Ni kidole cha mama yake.

Kesho yake alikwenda kwa Mkalimani. Ukuta ni mmoja, nilisikia yote.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Unawafundisha watu kuicheka sayansi. Taifa linajengwa, wewe unavalisha watu masufuria."

"Sikuwavalisha. Nimewakuta wameyavaa."

"Naomba ule mkanda."

Akauchukua, akaufungia kabatini ofisini mpaka, alisema, atakapoamua vinginevyo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ile haikuwa kazi yake bali pumzi yake. Alikaa barazani na koti lake kama mtu anayesubiri basi lililofutwa safari. Mashine aliifunika shuka zangu. Mkewe alikuja kwangu, mikono kichwani. "Jirani, huyu hali, halali. Jana alfajiri amemtafsiri jogoo." Tulicheka, kisha tukaacha, kwa sababu aliona aibu kucheka na mimi niliona huruma. Nilimshauri Mkalimani aende akaombe.

"Mtani haombi," alisema. "Mtani anachukua. Na siku yake haijafika."

Siku ilifika vibaya. Yule bibi alifariki kwao Lugoba, na habari ikaletwa na lori la mkaa. Mkalimani alivaa koti. Njia nzima, kutoka Bagamoyo mpaka tunavuka Ruvu, mpaka Msata, watu wa mtaa tuliojazana kwenye lori tulikuwa tunamsukumasukuma: leo mtani, leo ndiyo leo, usitoke bila mkanda. Kila mmoja anajua msibani mtani ana haki yake. Akishika kitu hakuna wa kumnyang'anya mpaka kikombolewe kwa kile anachodai. Yeye alitazama njia tu. Vumbi lilimkaa kwenye nyusi akaonekana mzee kuliko nilivyomzoea.

Tulipofika, kaburi lilikuwa limechimbwa na mwili uko njiani kutolewa. Mkalimani alipita katikati ya watu, akakusanya majembe yote, akayalaza chini, akayakalia. Wakwere wakapiga vigelegele vya hasira na furaha, kama ada. Bwana Utamaduni alikuja, suruali ile ile imejaa udongo magotini, macho yamevimba.

"Mtani, najua unachotaka," alisema kwa sauti ya kuvunjika. "Kiko kabatini. Utakipata, wallahi. Tuache tumzike mama."

"Mkanda?" alisema Mkalimani. "Nani ametaja mkanda? Mimi nimekuja kumwona mama."

Akainuka. Akaomba kigoda, wakampa cha marehemu. Akavua koti lake. Ndani alikuwa mwembamba kuliko tulivyodhani. Akachukua kanga kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akajifunga, akaketi. Akavuta ugoro usiokuwepo. Akapaliwa. Akapiga goti kwa kiganja, akavuta kanga puani, akageuka kutazama kama sisi nasi tunacheka inavyotakiwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Ya Allah, ni yeye." Kisha Mkalimani akapanda juu ya kigoda, akamwelekezea kidole mwana wa marehemu, vazi lake na tai yake na huzuni yake yote, na akasema kwa sauti ya bibi yule yule, "Na huyu je? Hata sufuria hana!"

Bwana Utamaduni alicheka. Alicheka akaishiwa nguvu, akachuchumaa, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kusimama, tukawa hatujui kipi ni kipi, na sote tulikuwa hivyo hivyo. Kwa muda ule mfupi tulikuwa naye tena, mama yake. Mkalimani aliteremka, akamwinua kwa mkono, akamkabidhi jembe la kwanza. Uso wake ulikuwa mkavu.

Kwenye lori tukirudi nilimuuliza kwa nini hakuudai mkanda. Alifuta vumbi mdomoni.

"Wewe unadhani zile sinema mbili ni maadui," alisema. "Ile ya masufuria ni mtani wa ile kubwa. Inaitukana kwa sababu inaijua kila mahali. Hiyo kubwa siku ikifa, nani ataikumbuka ilivyotembea?"

Tangu siku hiyo nimesikia watu wengi, wamesoma, wakishangaa kwa nini sinema za kutania safari za angani hazizeeki, wakati zenyewe zinazotaniwa watu wamezisahau. Mimi huwaacha waongee. Jibu nilipewa juu ya lori la mkaa, kabla hatujafika Msata.

Mkanda uliletwa nyumbani na Bwana Utamaduni mwenyewe, mikono miwili, kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Alikuwa na kigoda cha mama yake kwapani. Jioni hiyo alikaa mbele kabisa, na ilipofika "Duniani wapi?" ni yeye aliyejibu kwanza.

Lakini kitu kikionyeshwa sana kinalika. Mkanda ulikatika, ukaungwa, ukakatika tena. Kwanza tulimpoteza binti wa mfalme, kisha dude la zulia, mwishowe tukawa na masufuria yakiingia pipani na kiwambo cheupe. Mwisho aliubuni yeye. Kila safari alitangaza wametua mahali papya: wametua Kerege kwenye shamba la muhogo, wametua kwa kinyozi, wametua juu ya mama mkwe. Mwenye mashine ya kusaga alifariki, injini ikauzwa. Shuka zangu zikarudi kuwa shuka.

Mara ya mwisho nilipokaa naye alikuwa kitandani, koti limetundikwa msumarini. Nilimpelekea uji. Aliunywa kidogo, akaniambia nifunge mlango.

"Nina jambo linaniuma," alisema. "Nimewafanya Wakwere wangapi, Wazaramo wangapi, kwenye maziko yao, nikiwaiga sauti na mwendo. Sasa mimi nani atanifanya? Vijana wa siku hizi wanaona haya. Watakuja watakohoa kohoa, watalia, watakwenda zao. Nitazikwa kama mtu asiyejulikana."

Nikamwambia aache maneno hayo, atapona.

"Uongo siupendi. Wewe ni mtani wangu, na umenitazama miaka yote. Nifanye."

"Siku ikifika nitakufanya."

"Siku ikifika sitaona kama umekosea. Nifanye sasa."

Nilimpenda mzee yule, na sikutaka. Nilisimama hata hivyo. Nikalivaa koti lake, likaninukia unga. Nikachukua kikombe cha bati, nikakishika kwa leso.

"Ndala," alisema kutoka kitandani.

Nikavua ndala moja. Nikakohoa.

"Siyo hivyo. Mimi sikohoi kama mgonjwa. Nakohoa kama mwenye nyumba. Tena."

Nikakohoa tena. Nikamtazama yeye, nikaupa ukuta mgongo.

"Chombo kinaondoka! Wa Kerege, wa Msata, pandeni! Wewe mwenye kuku..."

"Umecheka. Usicheke."

"Sikucheka, nalia."

"Hata kulia usilie. Nani atatafsiri?"

Nikaukaza uso. Nikaipitia yote, pipa, kamba, Ruvu, chujio, mpaka pale mkanda unapokwisha na kiwambo kinabaki cheupe. Hapo nilikwama. Mwisho ulikuwa wake siku zote. Yeye alikuwa ameinuka kidogo juu ya mto, ananingoja, macho yamemtoka kama sisi tulivyokuwa tukimngoja yeye.

"Wametua," nilisema ndani ya kikombe. "Wametua Bagamoyo. Hawavunji mlango. Wamesimama hapa nje, masufuria wameyavua, wanapiga hodi kwa Mkalimani."

Aliutazama mlango. Nikaogopa nimekosea vibaya.

Ndipo akacheka. Kilianza tumboni, kikatikisa kitanda, na kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, cha kitoto kabisa, ambacho hakuna mtu Bagamoyo aliyewahi kukisikia. Mkewe alikuja mbio kutoka uani, mikono ina unga, akauliza kuna nani humu ndani.

"Wageni," alisema Mkalimani, akijifuta machozi kwa shuka. "Waulize kama wamekula."